Wakala anataka milioni 4 ampeleke mwanangu Ulaya, niuze kiwanja?

Mwezi huu meseji za maswali ya mpira mnazonitumia mimi kocha wenu zimekua nyingi kuliko kawaida, nafikiri kwasababu dirisha la usajili linakaribia na kila uwanja wa mpira wa mtaani sasa hivi una mtu anazunguka na daftari anaandika majina ya watoto. Nimechagua chache ambazo naona zinawahusu wengi. Majina ya watu nimeyaacha, nimebakiza sehemu tu.

Habari mwalimu. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16, anacheza winga timu ya mtaa huku Mbagala Charambe, timu yao iko ligi ya mkoa. Kuna kaka mmoja alikuja kwenye mechi akampenda, anasema yeye ni wakala, atampeleka majaribio Ulaya ila nitoe milioni 4 ya viza, tiketi na hoteli. Nina kiwanja kidogo Chanika. Kijana hali chakula, anasema nikikataa nimemuua. Nifanyeje?

Mama, kiwanja usiuze. Nakwambia mapema kabisa ili hata kama hutamaliza kusoma hilo uwe umelipata.

Sasa sababu, na hii mpe kijana aisome mwenyewe kwa macho yake. Sheria za FIFA za usajili na uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna milango michache tu iliyoachwa wazi, mfano wazazi wawe wamehamia nchi hiyo kwa shughuli zao ambazo hazihusiani na mpira, au mchezaji awe na miaka 16 mpaka 18 lakini anahama ndani ya Umoja wa Ulaya kwenyewe, au anakaa mpakani kabisa na klabu iko upande wa pili hapo karibu, au ni mkimbizi, au mwanafunzi wa kubadilishana. Wewe unakaa Charambe, hakuna mlango hapo ambao ni wa mwanao. Kwahiyo hata angekua na kipaji cha namna gani, hata hiyo klabu ingempenda vipi, leo hawawezi kumsajili, na huyo kaka ama haijui sheria ama anaijua vizuri na anategemea wewe huijui.

La pili, wakala siku hizi lazima awe na leseni ya FIFA, anafanya mtihani, na jina lake linaonekana kwenye orodha ya FIFA mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta. Na kumwakilisha mtoto wa chini ya miaka 18 kuna masharti ya ziada ikiwemo mzazi kuridhia kwa maandishi. Muombe jina kamili kama lilivyo kwenye leseni. Akianza kuzunguka, akisema leseni iko kwa bosi wake Dubai, umeshapata jibu. Wakala wa kweli anakula kwenye mkataba ukishasainiwa, hali kwenye kiwanja cha mama.

Nina uchungu na hili kwasababu sio geni. Jean-Claude Mbvoumin, mchezaji wa zamani wa Cameroon, ilibidi mwaka 2000 aanzishe shirika linaitwa Foot Solidaire kule Ufaransa kwasababu ya vijana wa Kiafrika waliokua wanapelekwa Ulaya hivi hivi, wakifeli majaribio, au majaribio yenyewe yasipokuwepo, wanaachwa mjini bila hela, bila viza, bila hata nauli ya kurudi, na wengi walikua wanaona aibu kuwapigia mama zao simu.

Muulize kijana kama anamkumbuka Kelvin John. Alitamba na Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, AFCON ya vijana 2019 tuliyoandaa sisi Dar alikua tegemeo, na bado hakukimbilia kusaini popote. Alienda kusoma na kucheza Brooke House kule Uingereza, akasubiri afikishe 18, ndo mwaka 2021 akasaini KRC Genk ya Ubelgiji. Miaka miwili ya kusubiri haikumuua.

Kwahiyo cha kufanya sasa hivi: shule amalize, cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe sawa na majina yafanane na ya shuleni mpaka herufi, usajili wake wa ligi ya mkoa msimu huu uthibitishe kwa katibu kwa macho yako. Na muombe kocha wake awe anarekodi mechi nzima nzima, sio vipande vya magoli tu, maana skauti anayejua kazi anataka kuona winga anafanya nini akipoteza mpira. Alafu kaa nae mle pamoja umwambie hujamkatalia Ulaya, umemkatalia huyu mtu.

Shikamoo kocha. Mimi katibu wa timu moja Morogoro. Kuna dogo tulimlea toka ana miaka 13 mpaka 17, viatu, nauli, hadi ada ya shule tulichanga. Timu ya Ligi Kuu ikamchukua ikatuachia mipira mitano na seti ya jezi. Saizi tunasikia timu ya nje inamtaka kwa hela ndefu. Sisi tuna chetu au ndo basi tena?

Marahaba katibu. Sio basi. Hapa ntaandika kirefu kwasababu nadhani ni jambo ambalo viongozi wa timu zetu hizi za ridhaa nusu kulipwa nusu hawalijui, na kutolijua kumetufanya tubaki tunaomba mipira wakati hela yetu ya halali inapita juu ya vichwa.

Kuna hela za aina mbili. Ya kwanza inaitwa fidia ya mafunzo. Hii inalipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na tena kila akihama mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Ila kuna kitu hapa kinawaumiza wengi: sheria ya FIFA inahusu anayevuka mpaka. Dogo wenu mkataba wa kwanza kasaini hapahapa nchini, kwahiyo akitoka kwenda nje, fidia hiyo inaidai klabu aliyotoka mara ya mwisho, yaani hao wa Ligi Kuu, nyie mlioko nyuma yao hapana.

Ya pili ndo yenu. Inaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda nje mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya dau inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka mwaka anaotimiza 23, haijalishi timu ni kubwa au inafanyia mazoezi nyuma ya soko. Kila mwaka wa umri wa 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 ya dau lote, na kila mwaka wa 16 mpaka 23 ni asilimia 0.5.

Tupige hesabu. Tuseme dau ni dola 1,000,000. Nyie mlikua nae akiwa na 13, 14 na 15, hiyo ni miaka mitatu mara dola 2,500, jumla 7,500. Alafu 16 na 17, miaka miwili mara 5,000, jumla 10,000. Ukijumlisha ni dola 17,500. Zidisha mwenyewe kwa bei ya dola ya leo alafu linganisha na mipira mitano. Na hela hii haiishii hapo, akiuzwa tena akiwa na miaka 25, au 28, au 30, kwa dau, mnalipwa tena, kwasababu malezi yenu hayafutiki.

Sasa sharti. Lazima ionekane kwenye kumbukumbu kwamba alikua amesajiliwa kwenu, msimu kwa msimu, kwenye chama. Zamani ulikua unaandika madai unazungushwa miaka, ila toka Novemba 2022 FIFA wana chombo chao Paris kinaitwa FIFA Clearing House, kinakusanya na kugawa hizi hela, na kinategemea pasi ya kielektroniki ya mchezaji, yaani rekodi ya klabu zote alizosajiliwa, inayotoka kwenye mifumo ya usajili ya mashirikisho. Kama hamumo kwenye mfumo, kwa macho ya mfumo hamkuwahi kuwepo.

Na hapa nasema kitu kilichonipata mwenyewe. Timu niliyokua nafundisha zamani tulikua na beki mmoja wa kushoto, mtoto mzuri sana, kaishi nyumbani kwangu misimu miwili, analala na wanangu. Alipokuja kwenda nje tukaambiwa leteni uthibitisho wa usajili. Tulikua na picha. Picha za timu, picha kabeba kombe la mbuzi, hata picha ya plasta aliyovunjika mkono. Fomu hakuna, zilikaa kwa mtu alafu akahama mtaa. Hatukupata hata senti, na mpaka leo nikipita pale uwanjani inaniuma, sio kwa ajili ya ile hela tu, ni kwamba mahali popote palipoandikwa historia ya yule mtoto sisi hatupo.

Kwahiyo katibu, wiki hii nenda chama cha wilaya na cha mkoa, omba nakala za usajili wa misimu yote mitano, andika barua TFF, shirikisho la mpira Tanzania, kueleza mlivyomlea na uombe pasi ya mchezaji ihakikiwe kabla hajauzwa, maana wanaosubiri mpaka asikike redioni kasaini huwa wanachelewa. Timu iwe na akaunti ya benki kwa jina la timu, sio la mwenyekiti.

Na siku nyingine mkitoa mchezaji msichukue mipira. Andikeni makubaliano ya klabu kwa klabu kwamba akiuzwa mbele mnapata asilimia fulani. Klabu inaruhusiwa. Kocha au mfadhili binafsi kumiliki asilimia ya mchezaji hairuhusiwi, FIFA walipiga marufuku toka Mei 2015, kwahiyo yule tajiri anayewaambia "mimi nitashika 30 yangu" mwambieni tu haiwezekani.

Kocha mambo, tuna straika ana 19 ila umbo dogo anaonekana 16. Kuna mtu anasema tumtengenezee cheti kipya aingie U17, timu ya chini ya miaka 17, ataonekana haraka. Tufanye? *Kutoka Tabora*

Hapana. Toka Kombe la Dunia la U17 la mwaka 2009 kule Nigeria wanapiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono, mfupa wa aliyeshakua unaonekana umefunga, na CAF, shirikisho la mpira Afrika, nao wanatumia. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Gambia tukaondolewa kwasababu ya umri wa mchezaji mmoja, kizazi kizima cha watoto waliohangaika kikakosa. Na hata asiposhikwa, ukimpunguzia miaka mitatu leo umemharibia pasipoti, vyeti vya shule, na ile hesabu ya miaka niliyomwandikia katibu hapo juu. Mwacheni awe straika wa miaka 19, ni umri mzuri tu wa kuanza ligi ya mkoa.

Shkamoo. Nina miaka 15 nacheza namba 8 hapa Tanga. Kocha ananiambia nina akili ya mpira ila mwili sina, kila mechi naanzia benchi, wenzangu wananipita kimo wote. Niache mpira nikomae na shule au niendelee?

Marahaba mdogo wangu. Shule huachi na mpira huachi, anza hapo.

Umri wa 14, 15 ni umri wa uongo kwenye mpira. Wawili mmezaliwa mwaka mmoja, mmoja Januari mwingine Novemba, karibu mwaka mzima kati yenu, alafu mmoja kabalehe mapema mwingine bado, mkiwekwa uwanja mmoja kocha anaona nguvu anafikiri ni kipaji. Tafiti nyingi za timu za vijana zimekuta waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka ndo wamejaa kuliko wa mwishoni, na sio kwamba miezi hiyo ina wachezaji wazuri zaidi.

Msome N'Golo Kanté. Mfupi, kakataliwa na akademi kwasababu ya umbo, akabaki kwenye kaklabu ka ridhaa pembeni ya Paris, JS Suresnes, toka mtoto mpaka anakaribia miaka 20, alafu Boulogne, alafu Caen, ndo Leicester mwaka 2015. Mwaka 2016 bingwa wa Uingereza, 2018 bingwa wa dunia. Na Leicester hiyohiyo ilikua na Jamie Vardy aliyeachwa na Sheffield Wednesday ana miaka 16 wakisema ni mdogo, akaenda kucheza Stocksbridge, timu ya nusu kulipwa, huku anafanya kazi kiwandani. Nakutajia hawa sio kwamba na wewe lazima ufike huko, nakutajia ili ujue kuna watu walikaa mahali ulipokaa.

Cha kufanya, tumia udogo wako. Angalia bega zote mbili kabla mpira haujakufika, pokea ukiwa umeshageuza kiuno, piga mguso mmoja, jifunze mguu wa kushoto kwenye ukuta kila siku dakika 15. Hivyo vitu wakubwa wa mwili hawajifunzi kwasababu hawavihitaji sasa hivi, wewe unavihitaji leo. Na kula, dagaa, maharage, mayai yakipatikana, na ulale. Kocha wako nae akisoma hapa namuomba, hata mazoezini tu, awe anawapanga watoto kwa ukubwa wa mwili siku moja moja badala ya umri, ataona vitu.

Kocha mwenzangu, niko Mwanza, U14 wangu wanne wanalalamika goti, chini ya goti kidogo kuna kinundu kinauma wakikimbia. Mzazi mmoja kasema amemchoma sindano ya maumivu acheze nusu fainali. Hii ni nini?

Kwa watoto wa miaka 10 mpaka 15 wanaorefuka haraka, maumivu hapo kwenye kinundu mara nyingi ni msuli wa paja unavuta sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa. Hua inaisha yenyewe mfupa ukikomaa, lakini inataka upunguze mzigo, barafu baada ya mazoezi, kunyoosha mapaja, na mtoto akianza kuchechemea apumzike. Kama maumivu yanakuja usiku amelala, goti limevimba lote au limejikunja haliendi, huyo hospitali akapigwe picha, usisubiri.

Sindano ili acheze, kocha, kataa. Kataa hata kama ni fainali na hata kama mzazi ndo mfadhili wa timu. Maumivu ndo kitu pekee kinachomlinda huyo mtoto hapo uwanjani, ukiyazima ataendelea kukimbia juu ya mfupa unaolia.

Na angalia ratiba yao, wanne kwa pamoja sio bahati mbaya. Ukute asubuhi wana UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, jioni wako kwako, jumapili ndondo ya mtaa wa pili. Anza kila zoezi na ule mfululizo wa FIFA unaitwa 11+, ni dakika 20 tu, hauhitaji vifaa vya gharama, na umeshapimwa kwenye tafiti ukaonekana unapunguza majeraha kwa vijana.

Nina miaka 17, timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, wanataka nisaini miaka 5, posho laki na nusu kwa mwezi. Nisaini? *Kutoka Mbeya*

Miaka 5 hapana, aliye chini ya 18 haruhusiwi kusaini zaidi ya miaka 3, FIFA hawaitambui iliyozidi. Asaini na mzazi, ubaki na nakala yako yenye muhuri. Na jua kwamba ukiwa na mkataba wa maandishi na unalipwa zaidi ya gharama zako za kucheza wewe ni mchezaji wa kulipwa tayari, kwahiyo waandike neno mshahara na tarehe ya kulipa, neno posho linawapa nafasi ya kusema hela ikipatikana.

Sasa kocha. Niko Changamwe, Mombasa, niko na timu za under 15 na 17. Pesa hakuna, sponsa hakuna, na wazazi wanasema mpira unaharibu watoto. Mnafanyaje huko?

Ndugu yangu nyie ndo mnatakiwa kutufundisha. Mathare pale Nairobi, MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ilianza 1987, chini ya Bob Munro, Mkanada mmoja, na walianza na uchafu: timu inasafisha mtaa wake, inapata pointi kwenye ligi. Pointi kabisa, zinahesabika na za magoli. Mzazi aliyekua anasema mpira unaharibu watoto akawa anaona mtoto wake kashika beleshi anazibua mtaro mbele ya nyumba. Mwaka 1994 wakawa na timu ya juu, Mathare United, mwaka 2008 wakabeba ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, na Dennis Oliech aliyekuja kucheza Ufaransa alitokea hapo.

Kwahiyo mimi ningeanza na wazazi kabla ya sponsa. Waite, waonyeshe ratiba, waambie mazoezi yanaisha saa kumi na mbili jioni na yanaisha kweli. Ripoti ya shule mtoto akuletee wewe, akishuka darasani anakosa mechi, hata kama ndo straika wako. Mchango mdogo wa kila mwezi, uandikwe kwenye daftari linaloonwa na kila mtu, wenye kusaini benki wawe wawili au watatu na mmoja awe mama. Hela ya mwanasiasa wa mwaka wa uchaguzi ichukulieni kama jezi, isiwe ndo bajeti, maana mwaka unaofuata hayupo na watoto bado wapo.

Ndugu mwalimu, binti yangu ana miaka 13, hapa Dodoma, anacheza na wavulana na anawapita. Ndugu zangu wananisema. Mama yake anataka aache. Na mimi sijui kama kuna mbele yoyote kwa mtoto wa kike.

Ipo mbele, tena umri wake ndo huu. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walienda Kombe la Dunia la U17 kule India, na hiyo ndo ilikua mara ya kwanza timu ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la mpira wa miguu la ngazi yoyote. Wanaume walikua hawajawahi kutufikisha huko. Wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Aisha Masaka kapita Yanga Princess, akaenda BK Häcken ya Sweden, na 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza.

Kucheza na wavulana mpaka umri huu kumemsaidia sana, kunamfanya aamue haraka. Ila kuanzia sasa mtafutie na timu ya wasichana, aanze kusajiliwa kama mchezaji, na awe na wenzake wa kuongea nao mambo ambayo hawezi kumwambia kocha wa kiume. Kabla hujampeleka nenda mwenyewe ukaangalie: kuna mwanamke kwenye benchi la ufundi? wanabadilishia nguo wapi? wakisafiri wanalala wapi na nani anawasimamia? Wakikujibu vizuri, muache. Wakikasirika kuulizwa, tafuta timu nyingine.

Mama yake usibishane nae, mchukue mwende nae uwanjani jioni moja akamuone mtoto wake akiomba mpira. Nauli mpe binti wewe mwenyewe mkononi kila siku ya mazoezi, asiwe anaomba lifti kwa mtu.